Hivi Roland Garros alikuwa nani? Nimeliwa elfu kumi kijiweni

Kijiwe_Namba_Nne
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana nimeaibika. Jana tuko kijiweni tunaangalia tenisi ya Ufaransa (sio kwamba sisi ni watu wa tenisi, ila mpira ulikuwa bado na mwenye tivii kagoma kubadilisha chaneli), jamaa mmoja akauliza hivi huyu Roland Garros alibeba makombe mangapi enzi zake. Mimi kwa kujiamini nikasema matano, hata sijui nililitoa wapi. Kuna mwingine akacheka mpaka akakohoa, akasema huyo mtu hajawahi kuwa mcheza tenisi, tukawekeana elfu kumi, tukagugo, ikaja picha ya jamaa ana masharubu kakaa kwenye ndege ya zamani zileeee za mbao na turubai. Elfu kumi ikaenda.

Sasa swali langu, ilikuwaje uwanja wa tenisi ukapewa jina la rubani? Na hao Wafaransa mbona kila uwanja ni jina la mtu, ndo wote wako hivihivi? Mwenye kujua anijuze kwa maneno yake, msiniletee vya kukopi.

BahariKuu
Pole mkuu ila imeliwa kihalali hiyo.

Garros kwanza ni mtu wa bahari yetu hii ya Hindi, kazaliwa kisiwani Réunion, mji wa Saint-Denis, 1888. Mpaka leo uwanja wa ndege wa kule unaitwa Roland Garros na hapo hata hushangai, rubani kapewa uwanja wa ndege. Kilichompa jina kubwa ni tarehe 23 Septemba 1913, aliruka kutoka Fréjus kusini mwa Ufaransa akavuka Mediterania yote bila kutua mpaka Bizerte, Tunisia, karibu masaa nane hewani, kindege chenyewe injini ikizingua chini ni maji tu. Alitua mafuta yamebaki ya kulamba.

Vita ikaja 1914 akaingia. Shida ya ndege za kivita kipindi kile ilikuwa propela iko mbele, ukipiga rashasha kwenda mbele unajikata propela yako mwenyewe. Garros na wenzake wakafunga vyuma kwenye yale mapanga, risasi ikigonga inaruka pembeni, zingine zinapita. Kienyeji lakini ikafanya kazi. April 1915 ndege ikamshusha upande wa Wajerumani wakamkamata, akakaa mateka karibu miaka mitatu, 1918 akatoroka, na badala ya kukaa nyumbani akarudi tena hewani. Akatunguliwa tarehe 5 Oktoba 1918, kesho yake alikuwa anatimiza miaka 30, na vita yenyewe imebakiza mwezi na siku chache iishe.

Tenisi inaingia hapa. 1927 Wafaransa wanne, Borotra, Brugnon, Cochet na Lacoste, walienda Marekani wakawanyang'anya Kombe la Davis (lile la tenisi la timu za mataifa) kwao, kwa hiyo mwaka unaofuata mechi ya kulitetea lazima ichezwe Ufaransa na hawana uwanja wa maana. Klabu ya Stade Français ikatoa eneo, ila bosi wake Émile Lesieur alikuwa amesoma na Garros, na Garros alikuwa mtu wa raga pale klabuni, akasema ardhi nawapa lakini jina liwe la rafiki yangu. Ndo hivyo tu. Wale wanne wenyewe waliishia kupewa majukwaa ya uwanja mkuu, kila mmoja na upande wake.

Fundi_Saa
Nyongeza kidogo kwa BahariKuu, watu wengi wanamwita Garros bingwa wa kutungua ndege, hiyo sio. Ubingwa ilibidi utungue tano, yeye anahesabiwa nne. Halafu baada ya kumkamata wale Wajerumani walivikagua vile vyuma vyake, muda si mrefu Fokker akaja na mtambo unaofanya bunduki ipige pale tu panga la propela linapokuwa limepisha. Yani ujanja wa jamaa uliamsha ujanja mkubwa zaidi upande wa pili, na wenzake ndo waliokuja kuumia.

MamaNtilieWaLoire
Mie niko Saint-Étienne mwaka wa tisa huu, niwaambie ya huku. Uwanja wetu unaitwa Geoffroy-Guichard, umefunguliwa 1931, na Guichard wala hakuwa mpiga mpira, alikuwa mwenye duka jamani! Ndo aliyeanzisha maduka ya vyakula ya Casino. Timu ilizaliwa humo kwa wafanyakazi wa kampuni, hata jezi ya kijani wanayojidai nayo mtaani ni rangi ya lile duka. Wenyewe uwanja wanauita Chaudron, chungu kinachochemka, na siku ya mechi kubwa kelele inafika mpaka jikoni kwangu.

Ukienda Lens kaskazini ni bosi wa mgodi wa makaa ya mawe, Félix Bollaert, baadaye wakaongezea na jina la meya Delelis. Mji wenyewe watu kama elfu 32 hivi lakini uwanja unachukua elfu 38, yani mji mzima ukikaa bado viti vinabaki. Ninayempenda mie ni Mayol wa Toulon, uwanja wa raga. Huyo alikuwa mwimbaji! Akachuma hela zake kwa kuimba, akanunua eneo akawapa timu 1920. Alikuwa na mtindo wa kuchomeka kijiua cheupe kwenye koti, na kile kijiua ndo nembo ya timu hadi leo.

Mzee_wa_Hoja
Kwa hiyo jibu ni fupi, mwenye hela ndo mwenye jina. Na siku hizi hata marehemu analipiwa pango, ule wa Lille ulipewa jina la Pierre Mauroy aliyekuwa waziri mkuu na meya wao, sasa hivi mbele yake limetangulia jina la kampuni ya vifaa vya michezo.

BahariKuu
Hapana mzee, umeruka upande mmoja mzima. Uwanja wa Reims ni wa Auguste Delaune, huyo alikufa 1943 kwa mateso ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Wa La Rochelle ni wa Marcel Deflandre, alikuwa rais wa klabu, akapigwa risasi na Wajerumani 1944. Hata hao Michelin wenye matairi, uwanja wa raga wa Clermont ni Marcel Michelin na huyo kafia kambini Ujerumani 1945, hela yake haikumsaidia. Jean Bouin, mkimbiaji, Olimpiki ya Stockholm 1912 alikosa dhahabu ya mita 5000 kwa sehemu ya kumi ya sekunde, miaka miwili mbele vita ikamla mwezi wa pili tu tangu ianze. Nenda Ufaransa uhesabu viwanja vya Jean Bouin utachoka.

Mzee_wa_Hoja
Sawa, nimerudisha nusu ya hoja.

Dada_Mkubwa_Bujumbura
Wanaume watupu mpaka hapa mmejiona? Mnara wa Eiffel wenyewe una majina 72 ya wanasayansi na mainjinia yaliandikwa pale chini ya ghorofa ya kwanza, hakuna mwanamke hata wa dawa. Na huyo Eiffel mchoro wa kwanza haukuwa wake, ni wa mainjinia wake wawili, Koechlin na Nouguier, bosi akabaki na jina.

Hapo Roland Garros angalau kuna uwanja wa Suzanne Lenglen aliyebeba Wimbledon mara sita, na tangu 2019 kuna wa Simonne Mathieu, umechimbwa katikati ya vibanda vya vioo vya maua. Huyo alishinda mashindano ya hapo Roland Garros 1938 na 1939, vita ilipofika akaenda London kwa De Gaulle, jenerali wa Wafaransa waliogoma kusalimu amri, kuongoza wanawake wa kujitolea jeshini. Kwa ndugu zangu mnaopita Paris, kile kidaraja cha miguu karibu na jumba la makumbusho la Orsay kimeitwa Senghor tangu 2006, yule rais wa kwanza wa Senegal. Nilipiga picha pale, mvua ikaharibu nywele zote.

Kijiwe_Namba_Nne
Asanteni wakuu. Sasa naombeni swali moja gumu la kurudia pale kijiweni, hela yangu inaniuma.

Fundi_Saa
Aliyekula hela yako alikuwa kavaa nini?

Kijiwe_Namba_Nne
Fulana ya mtumba ya mamba, ndo maringo yake kila jumapili. Kwani vipi?

Fundi_Saa
Muulize huyo mamba ni nani. Ni Lacoste, mmoja wa wale wanne wa Kombe la Davis. Kapteni wao alimwahidi begi la ngozi ya mamba akishinda mechi fulani kule Marekani, akapigwa, begi akalikosa, waandishi wakabaki wanamwita mamba. Miaka ikapita akaanza kutengeneza fulana akamweka kifuani.

Kijiwe_Namba_Nne
Apdeti: kasema ni kampuni ya viatu vya ngozi. Elfu kumi imerudi, na soda juu.