Tupeane uzoefu: tovuti ilipolemewa na watu, mligundua tatizo liko wapi?

Mwanzisha mada, Lamu
Assalaam aleikum wenzangu, na hamjambo nyote. Kila Maulidi yakikaribia, wageni huanza kutafuta vyumba hapa mjini na tovuti za nyumba za wageni hulemewa. Hapo ndipo utasikia: "Django ni nzito, tuhamie Node." (Django ni fremuweki, yaani kiunzi cha kujengea tovuti kwa lugha ya Python; Node huendesha JavaScript kwenye seva.) Mimi napinga. Mara nyingi fremuweki haina kosa. Lakini tusibishane kwa ushabiki. Kila mmoja aseme alikuwa akitumia nini, palikwama wapi, na alijuaje kwamba ni hapo.

Naanza. Niliitwa kuitazama tovuti ya vyumba vya Shela, Django na hifadhidata ya PostgreSQL, nayo ikiwa kwenye seva yake mbali na tovuti. Wenye kazi walikuwa tayari wanataka kuiandika upya yote. Nikawasha Django Debug Toolbar, zana inayoonyesha ukurasa unauliza nini kwenye hifadhidata, nikafungua ukurasa wa orodha: nyumba 60, maswali 121 kwa hifadhidata. Swali moja la kuleta nyumba, kisha kwa kila nyumba swali la kumtafuta mwenyewe na jingine la kutafuta picha zake. Kila swali linakwenda na kurudi kwenye ile seva nyingine. Nikaweka `select_related` kwa mwenye nyumba na `prefetch_related` kwa picha, amri za Django za kuleta data zinazohusiana kwa mkupuo, yakabaki maswali mawili. Ukurasa ukawa mwepesi siku hiyo hiyo, na hakuna aliyegusa fremuweki. Instagram nao walinunuliwa na Facebook mwaka 2012 wakiwa juu ya Django hiyo hiyo, na wakaendelea kukua nayo.

Wa Langoni
Waaleikum salaam. Yangu ni Laravel, fremuweki ya lugha ya PHP, tovuti ya kukata tiketi za safari za mashua. Mteja akibonyeza "Lipa", ukurasa ulikuwa unasubiri hapo hapo: ombi la M-Pesa, jibu lake, risiti ya PDF, barua pepe, ndipo mteja aone kitu. Sasa, PHP-FPM, inayoendesha PHP kwenye seva, ukiiacha kama ilivyokuja huwa na `pm.max_children` 5, yaani hushughulikia maombi matano tu kwa wakati mmoja. Maana yake watu watano wakiwa wanatafuta PIN zao kwenye simu, wa sita hata ukurasa wa mwanzo haumfungukii! Seva yenyewe imekaa tu, prosesa haina kazi, watu wanalalamika tovuti imekufa.

Aliyekuwepo kabla yangu alikuwa akiongeza namba hiyo kila msimu mpaka memori ikajaa. Sisi tukazitoa kazi zote nzito nje ya ukurasa, tukazitia kwenye foleni ya Redis, hifadhi ya data ya haraka iliyo kwenye memori. Mteja anaambiwa papo hapo "angalia simu yako". Majibu ya M-Pesa yakija kwenye anwani tuliyowapa, tunayaandika, risiti inatengenezwa nyuma. Na tafadhalini, hifadhini `CheckoutRequestID`, utambulisho wa M-Pesa wa kila ombi la malipo, na muizuie isiandikwe mara mbili, ili jibu likija tena mtu asipewe tiketi mbili.

Malindi hapa
Yangu fupi. Kampuni moja iliongeza seva ya pili ikidhani kasi itakuwa maradufu. Watu wakawa wanaingia kwenye akaunti, wakibonyeza kitu wanatolewa. Sesheni, yaani kumbukumbu za nani ameingia, zilikuwa mafaili kwenye diski ya seva ya kwanza, ya pili haiwajui. Picha walizopakia nazo zaonekana, mara hazipo. Sesheni tukazihamishia Redis, picha kwenye hifadhi ya pamoja. Kabla ya kununua seva ya pili, ulizeni kwanza ya kwanza imeweka nini tumboni mwake.

Dada wa Mkomani
Kaka mwanzisha mada, orodha ya vyumba nakubali, lakini usiseme fremuweki haina neno kabisa. Sisi tulikuwa na ukurasa wa kuonyesha mashua ziko wapi, na kila simu inashikilia muunganisho wazi muda wote. Gunicorn, seva inayoendesha Django yetu, kwa kawaida yake mfanyakazi (prosesi) mmoja hushika ombi moja tu kwa wakati. Hapo hata uandike vizuri vipi, utakwama. Sehemu hiyo peke yake tukaipeleka Node.js, ikatulia. Twitter nao walianza na Ruby on Rails, fremuweki nyingine, baadaye wakahamishia sehemu kubwa kwenye JVM (mfumo unaoendesha Java), na hawakuwa wajinga.

Ila Node nayo usiipe kazi ya kupunguza ukubwa wa picha ndani ya prosesi ile ile. Msimbo wako huendeshwa kwenye uzi mmoja, yaani kazi moja baada ya nyingine. Picha moja kubwa ikishughulikiwa, kila mtu anasubiri.

Mwanzisha mada
Dada, hapo umenishinda na nakubali: miunganisho inayobaki wazi ni habari nyingine. Ndugu wa Malindi, hiyo Redis mmeiweka seva moja na tovuti? Ikizimika inakuwaje?

Malindi hapa
Iko peke yake, na tumeiwekea kikomo cha memori isije ikajaa. Ikizimika watu watalazimika kuingia upya kwenye akaunti zao. Oda zote ziko PostgreSQL, hazipotei.