Naomba ushauri: michoro ya binti yangu kama picha za kamera, lakini kapata 41. Wanaangalia nini?

Mchora Vibao
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, kazi yangu ni kuandika majina ya boti pale Kibirizi na vibao vya maduka Mwanga, kwa hiyo brashi naijua. Binti yangu yuko bweni nje ya mkoa, mjomba wake ndiye analipa ada, wanafuata mtaala wa Cambridge, ule wa Uingereza. Kaja likizo na mkoba wake wa kazi, wenyewe wanaita potifolio. Kuna sura nane za wasanii na wachezaji kazitoa kwenye simu kwa penseli. Ukisimama hatua tatu utadhani zimepigwa. Mwalimu kampa 41 kwa 100.

Kinachoniuma: kwenye daftari kuukuu kachora mikono ya bibi yake akichambua chikichi. Kidole gumba kakirudia mara tatu, ukurasa una doa la mawese. Hapo mwalimu kaandika "Nataka nyingi kama hii." Niende kulalamika?

Mgebuka Mkavu
Mzee, fotokopi ipo stesheni, shilingi mia.

Ticha wa Penseli
Mwakeye mkuu. Usiende, mwalimu yuko sahihi. Nimefundisha somo hilo la sanaa, ngazi ya IGCSE (kama kidato cha nne). Zile 100 zimegawanywa mafungu manne ya 25: kurekodi ulichokiona, kuchunguza vifaa na njia, kuliendeleza wazo, na kuwasilisha kazi iliyokamilika. Sura nane za simuni zote zimerundikana kwenye fungu la mwisho, la kwanza zimeligusa kidogo tu. Mwanga utoke wapi, kichwa kikatwe wapi, vyote kamera ilishaamua. Mtoto kaona nini? Msahihishaji hana pa kujua.

Sasa rudi kwenye kidole gumba. Cha kwanza kimekosewa, cha pili kimesogea, cha tatu kimekaa. Hapo msahihishaji anamwona mtu anafikiri kwa mkono. Mkoba unaruhusu karatasi nne za A2 (kila moja sawa na A4 nne), pande nane, pamoja na kazi moja ya mwisho, na vyote vinasahihishwa kwa pamoja. Kwa hiyo majaribio yana alama! Nusu nyingine ya somo ni mtihani: mada inatolewa mapema, mtoto anajiandaa, kisha anakaa saa 8 kutengeneza kazi ya mwisho.

Fundi Seremala UJJ
Mi sikubali. Siku hizi kila uchafu unaitwa "mchakato". Mkono usiojua kuchora haufichwi na maelezo.

Ticha wa Penseli
Haufichwi kweli, ufundi unahesabiwa. Ila mkono wa huyu binti tayari upo, kinachokosekana ni macho yake.

Dada wa Mwandiga
Mdogo wangu alifanya AP Drawing, somo la kuchora la ngazi ya chuo wanalofanya wanafunzi wa sekondari Marekani, mambo ni yale yale. Picha 15 za uchunguzi wa swali moja ulilojiwekea zinabeba asilimia 60, kazi 5 bora asilimia 40. Kunakili picha iliyopigwa na mtu mwingine kama ilivyo hawataki, na akili mnemba ni marufuku hata kwenye hatua ya kwanza.

Mchora Vibao
Nimewaelewa, ingawa roho bado inasita. Nimemuuliza majaribio mengine yako wapi, kumbe alikuwa anayachana kwa aibu, na mama yake kafungia dagaa. Nimewapigia kelele wote wawili.

Wiki hii mbalamwezi imekolea, wavuvi wa dagaa hawatoki, boti zimelala ufukweni. Kesho alfajiri naenda naye akachore ile niliyoandika jina mwaka jana, rangi imeanza kubanduka. Manila itafaa, au mpaka karatasi maalumu?

Ticha wa Penseli
Manila inatosha. Kama ni mkaa, asiikunje, aifunike kwa karatasi nyembamba. Akikosea mstari asifute, auchore mwingine pembeni.

Mgebuka Mkavu
Na dagaa sasa tutafungia nini?