Kipande mara tatu kwa siku moja, laifjaketi hakuna aliyeuliza

Wadau habari za usiku. Naandika hii nikiwa na hasira na najua kesho nikiamka bado nitakuwa nayo, kwa hivyo wacha nitoe yote sai.

Jumamosi tumetoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, mimi, shemeji yangu, binti yangu wa miaka tisa na watoto wawili wa shemeji, tukielekea Naivasha. Kwa wale hawajui, mimi na jamaa wawili wa kazini tulichanga pesa miaka mitatu iliyopita tukanunua boti ya faiba, mtumba, ya watu sita, na injini ya nguvu za farasi 15. Sio ya biashara. Hatubebi watalii, hatuvui samaki, ni ya kwenda kuona viboko na ndege, kuonyesha watoto ziwa, masaa mawili hivi halafu turudi kwa moshi wa Jogoo Road. Wengine wana mpira, wengine wana nyama choma, mimi nina hiyo boti na naipenda sana.

Kipande, yaani kitambulisho, ya kwanza iliulizwa getini pale ufuoni. Soja ana kile kitabu cha mistari tunakijua sote, amechora safu na rula, jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi, na biro imefungwa na uzi ili isiende. Nikaandika. Hatua kama hamsini hivi kuna meza ya kulipia kuteremsha boti, kipande tena, kitabu kingine, mistari ile ile. Nikauliza yule dada, si nimeandika hapo nyuma, akasema hiyo ni ya geti hii ni ya hapa. Sawa. Nikaandika. Shemeji naye pale mezani akaandika namba yake kwa kichwa bila kuonyesha kitu na hakuna aliyejali.

Tumeenda maji dakika kama ishirini hivi, boti ya doria ikatufuata. Sitasema ni ya ofisi gani. Maafisa wawili, na neno la kwanza kutoka mdomoni sio habari zenu, sio mko wangapi, ni "vitambulisho." Watu wazima wote. Nikatoa yangu, nikatoa na karatasi za boti, nimeziweka kwa ile mfuko ya plastiki ya kuzuia maji. Shemeji hana. Na hapa mnisikize vizuri kwa nini hana. Ijumaa alienda jengo moja hapa mjini kupeleka barua, akaachishwa kipande pale mapokezi kama kawaida ya hili jiji, akapewa kadi ya mgeni, mvua ikaanza, mwenzake akampa lifti kutoka kwa pakingi ya chini na kichwa kikasahau. Akapiga simu jioni, akaambiwa aje Jumatatu, dawati limefungwa. Kwa hivyo kitambulisho cha Mkenya mzima kimelala wikendi kwa droo ya mtu asiyemjua.

Akatoa leseni ya kuendesha gari. Ile kadi mpya, ina picha yake, ina jina lake, ina namba yake ya kitambulisho imeandikwa pale mbele, imetolewa na serikali ile ile. Afisa akaigeuza akasema hii si kitambulisho. Nikamwambia kwa heshima kabisa, mkubwa, hiyo namba hapo ndiyo namba ya kipande yake. Akasema "nataka halisi." Halafu akanyamaza kidogo, akaangalia watoto, akasema lile neno tunalijua sote, "sasa tutasaidiana aje?"

Sikutoa. Nikamwambia kama kuna kosa aniandikie kwa karatasi. Hakuandika. Akatuamuru turudi ufuoni, safari imeisha, na binti yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, baba tumefanya nini?

Mimi nilishindwa kumjibu.

Sasa kitu kilichonichoma ni hiki. Wakati tunageuza, ikapita boti ingine pale karibu kabisa, nimehesabu vichwa kumi na moja, wako na laifjaketi nne na hizo nne hazijavaliwa, zimesukumwa chini ya benchi. Kuna mama amepakata mtoto mchanga. Nikamuonyesha afisa kwa kidole. Akaniambia, "hiyo si kazi yangu leo." Na sisi kwa boti yetu watu watano wote tumevaa, ya binti yangu ni ya saizi yake niliinunua makusudi juu zile za kukodisha zinamtoka kichwani, na kwa dakika zote hizo hakuna aliyeiangalia, hakuna aliyevuta mkanda kuona kama umeshika, hakuna aliyeuliza kama tuko na kasia ya ziada ama hata ndoo ya kutoa maji. Anayejua Naivasha anajua mchana upepo ukianza kuvuma lile ziwa linageuka ghafla, asubuhi ni kioo na saa nane ni mawimbi, na kiboko akiinuka chini ya boti ndogo hakuna mjadala. Kitambulisho hakielei. Ukianguka kwa maji na kipande kwa mfuko utazama nacho na utapatikana nacho.

Na kabla mtu aje hapa aniambie usalama, usalama, mimi sikatai. Najua sababu ya kuandika watu wanaoingia majini. Mwaka 1994 ile feri ya Mtongwe kule Mombasa ilizama ikiwa imejaa kupita kiasi na watu 272 wakafa, na mtu yeyote mwenye akili anaelewa kwa nini unataka kujua nani yuko ndani ya chombo. Lakini orodha kama hiyo inafaa ikae nchi kavu, kwa mtu ambaye saa kumi na mbili jioni anaifungua anasema boti fulani ilitoka na watu watano haijarudi, tuitafute. Nilimuuliza yule dada wa meza tukirudi, hiki kitabu mnaangalia nani amerudi na nani hajarudi? Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. Hakuna safu ya kurudi. Hata haijachorwa! Kuna namba yangu ya simu pale na mtu yeyote anayefuata anaisoma, lakini nikizama hakuna anayejua mpaka mke wangu apige simu.

Hiyo namba ya simu pia nina maneno nayo. Dada yangu mdogo aliandika yake kwa kitabu cha geti la fleti fulani Nairobi, jioni hiyo hiyo akaanza kupata meseji za mtu anamwita mrembo. Alibadilisha laini. Na mwezi jana nilinunua njugu karanga za ishirini bob stejini, kufungua ile karatasi imekunjwa kama koni nikaona uso wa mtu. Fotokopi ya kipande, mbele na nyuma, jina lote, namba yote, mahali alizaliwa, alama ya kidole imeloa mafuta. Huyo mzee alipeleka hiyo karatasi ofisi fulani akiamini iko kwa faili. Niliichana vipande vidogo vidogo, sikujua nifanye nini kingine.

Hizo fotokopi ndizo zinaniua. Karatasi za boti tunafanya upya kila mwaka na kila mwaka ofisi moja inataka fotokopi ya kipande ya kila mwenye boti, PIN ya kodi ya kila mmoja, picha za pasipoti, kila kitu kigongwe muhuri na wakili. Mwaka huu karani akaniambia faili ya mwaka jana haionekani, leta zote upya. Bosi, faili yangu imepotea kwako halafu adhabu ni yangu? Nimeenda saiba, nimelipa wakili, nimemtoa mwenzangu kazini kwake siku nzima juu eti lazima aje mwenyewe. Na hakuna siku hata moja mtu kwa hiyo ofisi ameniuliza kama najua kuendesha boti. Hata swali moja. Ningekuwa sijawahi kushika injini maishani na bado ningepata muhuri.

Nina binamu yangu yuko Florida, Marekani, nikampigia nikilalamika, akaniambia kule kama umezaliwa tarehe 1 Januari 1988 ama baadaye na unataka kuendesha boti ya injini ya farasi 10 kwenda juu, lazima uwe na kadi ya masomo ya usalama wa boti pamoja na kitambulisho chenye picha. Kadi inaonyesha ulisoma, ukafanya mtihani, unajua boti ikikuja mbele yako unapinda upande gani. Ukishaipata ni ya maisha. California nao walianza kuleta kadi yao 2018 kidogo kidogo kwa umri, mpaka 2025 ikafika kila anayeendesha boti ya injini. Na sheria yao ya taifa inasema mtoto chini ya miaka 13 avae laifjaketi boti ikitembea. Sio eti kule ni mbinguni, hao pia wamepigana miaka na serikali yao kuhusu vitambulisho, ile sheria ya REAL ID, ya kuweka viwango vya vitambulisho, ilipitishwa 2005 na ikaanza kukazwa viwanja vya ndege Mei 2025, miaka ishirini ya kuvutana. Lakini hiyo kadi ya boti angalau inahusu boti. Yangu inahusu nini?

Hapa kwetu tumeshatoa kila kitu. 2019 nilipanga laini siku mbili kwa ajili ya Huduma Namba, ile namba moja ya serikali ya kila mtu, nikatoa vidole vyote kumi, nikatoa uso, nikaambiwa sasa hutaulizwa kitu tena, taarifa zote mahali pamoja. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema ile kazi haikufuata sheria, hawakufanya kwanza tathmini ya kulinda data kama sheria ya 2019 inavyotaka. Sai ni Maisha Namba, iliyokuja mahali pake. Ukipoteza kadi kuibadilisha imetoka shilingi 100 ikaenda 1,000, na hiyo 1,000 hujahesabu nauli na siku ya kazi iliyopotea. Sawa, vidole vyangu mnavyo, uso wangu mnao, sasa fotokopi ni ya nini?

Katiba iko wazi. Ibara ya 31 inasema mtu ana haki habari za familia yake na mambo yake ya faragha yasitakwe wala kutolewa bila sababu. Ibara ya 12 inasema kitambulisho ni haki ya raia. Haki, sio kitu cha kunyang'anywa getini ndio uruhusiwe kupanda lifti. Muulizeni Mnubi wa Kibera, watu wako pale tangu wakati wa mkoloni, na kijana wao akifika 18 alikuwa anapelekwa mbele ya kamati kuhojiwa kama ni Mkenya wakati mimi niliingia ofisini na cheti cha kuzaliwa nikatoka. Hiyo ya kuhojiwa rais alitangaza kuiondoa 2025 na ilichelewa mno.

Na wacha niseme hii ya mwisho juu ndiyo iliyonifanya nisilale. Babu yangu alifanya kazi shamba la mzungu huko huko Naivasha, miaka ya arobaini mwanzoni. Alikuwa na kipande. Kipande chenyewe kile, karatasi ndani ya mkebe wa chuma, kamba shingoni, alama za vidole, na mwajiri anaandika kama umeachiliwa kazi ama hujaachiliwa, na ukipatikana barabarani bila huo mkebe unalala ndani. Hiyo sheria iliandikwa 1915, na kina Harry Thuku, wapinzani wa mkoloni, waliipigia kelele hapa Nairobi mpaka watu wakapigwa risasi Machi 1922. Babu alituambia mkebe ulikuwa unapata joto la jua unamchoma kifuani akilima, na alikuwa anaugeuza mgongoni, na msimamizi akimuona ameugeuza anamuambia aurudishe mbele uonekane. Jumamosi nimesimama kwa maji ya ziwa lile lile, nchi ni yangu, boti ni yangu, na mtu ananiambia nataka halisi.

Ninachotaka ni kidogo. Afisa akisimamisha boti ahesabu watu kwanza, ahesabu laifjaketi, aangalie watoto, halafu akitaka jina langu nitampa na namba yangu nitampa na aitafute kwa mfumo wake. Kitabu cha ufuoni kiwe na safu ya kurudi. Na karatasi za boti mwaka wa pili zisiombe kitu nilishatoa mwaka wa kwanza.

Shemeji ameenda leo Jumatatu kuchukua kipande yake kwa lile jengo. Ameambiwa mwenye funguo za droo hajafika.

Sasa naomba, kama kuna mtu hapa ameshawahi kupeleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Data, wale wa kulinda taarifa za watu, kuhusu fotokopi ama hivi vitabu vya geti, aniambie alianzia wapi na ilichukua muda gani. Nina namba ya ile boti ya doria, niliiandika nyuma ya risiti, na nina picha ya ile boti ya watu kumi na moja.