Naomba msaada: nimeachiwa seva ya barua pepe, mail.log haipo na sijui mipangilio imekaa wapi

BintiWaHesabu – Jumanne, saa 2:48 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhasibu kwenye chama kidogo cha kuweka na kukopa, huku Kanda ya Ziwa. Kijana aliyekuwa anashughulikia kompyuta zetu amepata kazi kwingine. Wiki mbili kabla ya kuondoka alihamisha seva yetu ya barua pepe kwenye mashine mpya ya kukodi, akanikabidhi kaunta buku lenye anwani ya IP, nywila, na maelekezo ya ukurasa mmoja na nusu. Simlaumu, alinifundisha mengi, ila sasa hivi hapokei simu.

Tatizo ni kwamba wanachama wenye Gmail hawapati taarifa zao za akiba za mwezi. Mama mmoja alikuja dirishani jana, akafungua simu yake mbele yangu, akaniambia, "Mwanangu, mimi sina barua yoyote." Kwenye programu yetu ya hesabu inaonyesha imetumwa. Barua kutoka nje zinaingia vizuri, na za ndani kwa ndani zinafika.

Kwenye kaunta buku kuna mstari huu: "Kila asubuhi: less /var/log/mail.log". Nimeingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), nikaandika hivyo hivyo. Jibu: No such file or directory. Nimesoma maelekezo matatu mtandaoni, kila moja linataja njia yake. Ninachojua ni kwamba ni Debian 12 (aina ya Linux), na ndani kuna Postfix inayotuma na kupokea barua, na Dovecot inayowafungulia watu masanduku yao.

Naombeni mnielekeze: mipangilio iko wapi, na logi (kumbukumbu za seva) ziko wapi? Naogopa kugusa kitu nisichokijua, ni pesa za watu hizi.

kobe_mtaratibu – saa 3:05 usiku

Dada, jaribu /var/log/maillog, bila nukta katikati. Kwangu iko hapo.

MzeeWaSeva – saa 3:21 usiku

Kobe, hiyo ni ya AlmaLinux, Rocky na ndugu zao wa Red Hat. Yeye yuko Debian.

Dada, kaunta buku halikudanganyi, linazungumzia mashine ya zamani. Hadi Debian 11, rsyslog (programu ya kuandika logi) ilikuwa inawekwa yenyewe, na ndiyo iliyokuwa inaandika mail.log. Kuanzia Debian 12 iliyotoka Juni 2023, mashine mpya haiwekewi rsyslog mpaka uiombe. Logi zote zinaingia kwenye jarida la systemd (msimamizi wa huduma za mashine), unazisoma kwa journalctl. Kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Kuna mtego mmoja hapa unaosumbua wengi. Ukiandika `journalctl -u postfix` utapata mistari miwili mitatu ya kuwasha na kuzima, basi, halafu utadhani seva haifanyi kazi. Kwenye Debian 12 huduma yenye jina hilo ni kivuli tu, hata `systemctl status postfix` itakuambia active (exited). Postfix yenyewe inaitwa postfix@-, na alama ya mwisho ni kistari kweli. Andika:

`journalctl -u 'postfix@-' --since today`

Na kwa Dovecot:

`journalctl -u dovecot --since today`

Kuhusu mipangilio, usikisie njia na usifuate maelekezo ya mtu ambaye hajaiona mashine yako. Iulize seva yenyewe:

`postconf config_directory`
`postconf -n`
`doveconf -n`

Ya kwanza inataja folda ya mipangilio ya Postfix, kwako bila shaka ni /etc/postfix, na ndani yake main.cf na master.cf. Ya pili inatoa yale tu yaliyoandikwa kwenye main.cf, bila mamia ya thamani za msingi, kwa hiyo unaona mkono wa aliyekutangulia ulipita wapi. Ya tatu ni ya Dovecot, na mstari wake wa kwanza kabisa unataja toleo na faili inayosomwa. Zote tatu ni za kusoma tu, hazibadilishi chochote. Usiogope.

Ukishapata, bandika hapa, lakini kwanza futa majina na anwani za wanachama. Logi ya barua inaonyesha nani kamwandikia nani, nayo ni siri ya watu.

Mvita_Linux – saa 3:40 usiku

Shikamoo Mzee. Nyongeza kutoka Mombasa kwa watakaousoma uzi huu baadaye. Kama seva yako imewekwa kwa kifurushi, sehemu zinabadilika. Ya iRedMail ina faili iitwayo iRedMail.tips ndani ya folda uliyosakinishia, mara nyingi chini ya /root, na humo imeandikwa kila mipangilio ilipo. Ina na manywila pia, kwa hivyo isiachwe ovyo. Yangu ni mailcow, ambayo yote huishi ndani ya Docker, yaani kwenye makasha yaliyotengwa na mashine. Ukitafuta /etc/postfix kwenye mashine yenyewe hutaiona. Unaingia /opt/mailcow-dockerized na kuandika `docker compose logs postfix-mailcow`. Mimi nilipoteza Jumamosi nzima kabla ya kuelewa hilo.

Dadangu, jambo moja zaidi: hizo barua zilizokwama, hakuna aliyerudishiwa ujumbe wowote?

BintiWaHesabu – saa 4:02 usiku

Mzee, Mungu akubariki. Mistari imemwagika skrini nzima! Nimekaa naisoma.

Kaka wa Mombasa, nimewauliza wenzangu kwenye kundi la WhatsApp. Wawili wanasema ndiyo, kuna barua za Kiingereza kutoka "Mail Delivery System" walizipata, wakadhani ni za matapeli, wakazifuta. Za wanachama zinatumwa na programu kwa anwani ya taarifa@, na sanduku hilo hakuna anayelifungua.

Swali: nimetuma barua ya majaribio leo saa 3:40 asubuhi kwenda Gmail yangu. Nikitafuta 03:40 sioni kitu, na 09:40 pia sioni.

MzeeWaSeva – saa 4:10 usiku

Tafuta 06:40. Saa yetu ya 3:40 asubuhi ni 09:40, na seva nyingi za kukodi zinakuja zimewekwa UTC, saa 3 nyuma yetu. Andika `timedatectl` uhakikishe.

Ukiupata mstari, utaona namba na herufi zilizoungana baada ya jina la programu, mfano 4F2A1C03B7. Hicho ndicho kitambulisho cha barua kwenye foleni. Kichukue, umpe grep (kichujio cha mistari):

`journalctl -u 'postfix@-' --since today | grep 4F2A1C03B7`

Utaona safari nzima ya barua moja. smtpd inaipokea, cleanup inaandika message-id, qmgr inataja from, halafu smtp inataja to, relay, na status. Neno la kuangalia ni hilo la status. Sent maana yake seva ya upande wa pili imeipokea. Deferred, itajaribiwa tena. Bounced, imekataliwa moja kwa moja na sababu imeandikwa mbele yake.

BintiWaHesabu – saa 4:31 usiku

Nimeipata! Nimefupisha:

`postfix/smtp[20417]: 4C7E81F0A2: to=<...>, relay=gmail-smtp-in.l.google.com, dsn=5.7.26, status=bounced`

Mbele yake kuna maneno marefu yenye 550-5.7.26, wanasema mtumaji hajathibitishwa, Gmail inataka SPF au DKIM. Na juu kidogo, kabla ya kila barua inayotoka, kuna mstari huu:

`postfix/submission/smtpd[20411]: warning: connect to Milter service local:opendkim/opendkim.sock: No such file or directory`

Kwenye `postconf -n` nimeona hii pia:

`milter_default_action = accept`
`smtpd_milters = local:opendkim/opendkim.sock`

Hapo sielewi. Hiyo njia haianzi na mkwaju (/), inahesabiwa kutoka wapi?

MzeeWaSeva – saa 4:50 usiku

Umeuliza swali lenyewe hasa. Inahesabiwa kutoka folda ya foleni, /var/spool/postfix. Sehemu kubwa ya Postfix kwenye Debian inafungiwa humo kwa usalama, haioni nje yake. Kwa hiyo inaitafuta soketi (mlango wa mawasiliano) ya OpenDKIM, programu inayotia barua saini, ndani ya /var/spool/postfix/opendkim/. OpenDKIM kwa upande wake, isipoambiwa vinginevyo, inaweka soketi kwenye /run/opendkim/. Wawili wanasubiriana kwenye vituo tofauti. Thibitisha kwa:

`ss -xl | grep opendkim`

Halafu lile neno accept. Limemwambia Postfix kwamba ukimkosa mtia saini, pitisha barua hivyo hivyo. Ndiyo maana hakuna kilichosimama: barua zote zimetoka bila saini ya DKIM, ile inayothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli. Na SPF yako, yaani orodha ya mashine zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yenu, naomba uiangalie, pengine bado inataja IP ya mashine ya zamani:

`dig +short TXT domeni-yenu`

Gmail inaridhika na kimoja kati ya hivyo viwili kwa mtumaji mdogo. Wewe umekosa vyote.

BintiWaHesabu – saa 5:04 usiku

Soketi iko /run/opendkim/opendkim.sock. Na SPF ina ip4 ya zamani, nimeilinganisha na kaunta buku tarakimu kwa tarakimu.

Mvita_Linux – saa 5:15 usiku

Kabla hujagusa: `cp -a /etc /root/etc-kabla`. Kisha sakinisha etckeeper, iwe inaweka kumbukumbu ya kila badiliko la /etc kwenye git. Siku ukikosea unaona ulibadilisha nini na lini, na atakayekuja baada yako ataona pia. Natamani kila seva ya kurithi ingekuwa nayo.

MzeeWaSeva – saa 5:22 usiku

Sikiliza kaka hapo juu kwanza. Kisha:

`mkdir /var/spool/postfix/opendkim`
`chown opendkim:postfix /var/spool/postfix/opendkim`
`adduser postfix opendkim`

Fungua /etc/opendkim.conf. Utakuta mistari ya Socket, mmoja unaofanya kazi na mingine imezimwa kwa alama ya reli (#). Zima ule wa /run, washa huu:

`Socket local:/var/spool/postfix/opendkim/opendkim.sock`

Angalia pia UMask (ruhusa za soketi) iwe 007. Washa upya opendkim, halafu postfix, kwa mpangilio huo. SPF utaibadilisha kule mnakosimamia domeni, siyo kwenye seva. Funguo za DKIM zipime hivi:

`opendkim-testkey -d domeni-yenu -s selekta -vvv`

Selekta (jina la ufunguo) utaiona kwenye faili la KeyTable linalotajwa na opendkim.conf. Ukipata "key OK" umemaliza. Ukiona "key not secure" usishtuke, inamaanisha tu domeni haina DNSSEC (saini za kulinda rekodi za domeni).

Na uandike `dig -x` ikifuatiwa na IP mpya. Isipotaja jina la seva yenu, mwombe anayewakodisha mashine aliweke. Hilo nalo Gmail inalitazama.

Kalale, ufanye kesho asubuhi akili ikiwa safi.

BintiWaHesabu – Jumatano, saa 4:17 asubuhi

Imekubali! Nimetuma kwenye Gmail yangu, nikafungua asili ya ujumbe: SPF PASS, DKIM PASS. Jina la IP lilikuwa sawa. Onyo la Milter halijatokea tena tangu saa 3:50.

Nimefungua sanduku la taarifa@. Kuna barua 312 zilizorudishwa, za siku 11. Sababu ilikuwa imeandikwa ndani ya kila moja, na hakuna aliyekuwa anasoma. Nimeelekeza nakala ya sanduku hilo ije kwangu. Kwenye kaunta buku nimekata ule mstari wa mail.log, nikaandika chini yake journalctl na ile postfix@-, na jedwali la saa zetu na za UTC.

Maswali mawili ya mwisho. fail2ban (ile inayofungia wanaobahatisha nywila) inasema failed, je, inahusiana? Na hizo barua za siku 11, naweza kuisukuma foleni ziende?

Fundi_Kimya – saa 4:40 asubuhi

fail2ban inatafuta auth.log (logi ya wanaojaribu kuingia) ambayo haipo, kwa sababu ile ile ya rsyslog. Kwenye /etc/fail2ban/jail.local, chini ya [DEFAULT], andika `backend = systemd`, washa upya. Fanya leo, usingoje kesho. Seva ya barua isiyo na ulinzi huo inajaribiwa nywila usiku kucha.

MzeeWaSeva – saa 5:02 asubuhi

Foleni haina kitu cha kusukuma. Zilizorudishwa zimeshaondolewa, `postqueue -p` itakuonyesha tupu. Inabidi zitumwe upya kutoka kwenye programu ya hesabu. Ila jarida linakumbuka zilikuwa za nani:

`journalctl -u 'postfix@-' --since "12 days ago" | grep dsn=5.7.26 | grep -o 'to=<[^>]*>' | sort -u`

Usizitume zote kwa mkupuo. Seva yenu imetoka kukataliwa siku 11, zigawe makundi madogo ya kumi kumi au ishirini, uangalie status kila kundi.

BintiWaHesabu – saa 11:36 jioni

fail2ban imewaka, na ndani ya saa moja imefungia anwani 14.

Orodha imetoa wanachama 287. Nimetuma makundi sita ya ishirini, zote status=sent. Yule mama wa juzi nimemweka kundi la kwanza, nikampigia. Amesema ameiona na salio lake liko sawa. Zilizobaki nazimalizia kesho.