Tupeane uzoefu: Ulijuaje kwamba hili ni jibu la Mungu, si mawazo yako tu?

Mwalimu wa Kusini (mtoa mada)

Ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe. Na ndugu zetu Waislamu, Asalaam aleikum.

Naomba hapa tusihubiriane. Kila mmoja asimulie lililompata mwenyewe: uliomba nini, ulisubiri muda gani, jibu lilikuja kwa sura gani. Hata kama uliambiwa hapana, au bado unasubiri, simulia.

Naanza mimi. Mwaka 2013 nilimaliza chuo cha ualimu nikiwa na ombi moja tu, nipangiwe Dar es Salaam. Nilifunga siku tatu kila mwezi kwa ajili hiyo. Majina yalipotoka nikakuta nimepangiwa Tunduru. Nililia kama mtoto. Wakati ule barabara ya kutoka Namtumbo ilikuwa bado ya vumbi, na masika malori yalikuwa yanalala njiani. Nikasema basi, Mungu hajanisikia.

Sasa, kuna jambo sikuwa namwambia mtu. Nilikuwa nakunywa. Si kunywa kwa sherehe, ni kunywa kwa kila siku, na kundi langu lote la kunywa lilikuwa Dar.

Kule Tunduru nilipewa chumba kwenye nyumba ya walimu, ukuta mmoja na mwalimu mwenzangu mtu mzima, Muislamu. Kila usiku saa kumi namsikia anaamka. Maji yanamiminika kwenye birika, mkeka unakunjuliwa, kisha sauti ya chini, taratibu. Wiki ya kwanza nilikereka. Ya pili nikawa naamka kabla yake namsubiri. Mwezi wa pili nikajikuta nami nimepiga magoti upande wangu wa ukuta, kila mtu na sala yake. Hakuwahi kunihubiria hata siku moja. Pombe iliniacha pale, sikumbuki hata tarehe.

Miaka mitatu baadaye nikamsimulia mama. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mimi sikuomba upate Dar. Niliomba Mungu akupeleke mahali ambapo hutanunuliwa pombe na mtu." Kumbe nyumba moja ilikuwa inapeleka maombi mawili yanayovutana, na lililojibiwa ni la mama. Nikisoma Matendo 16, pale Paulo na wenzake wanapozuiwa kwenda Asia, kisha Bithinia, hadi wanajikuta Troa wakiitwa Makedonia, naiona barabara ile ya vumbi.

Karibuni.

mama_kichanga

Mimi wangu alizaliwa njiti, wiki 29, gramu 1,050. Ukimshika unaogopa hata kuhema.

Nilikuwa naomba muujiza mkubwa, ule wa kuamka asubuhi na kukuta mtoto amenenepa. Nilichopewa ni mizani. Kila asubuhi saa kumi na mbili wanampima, nami nimesimama pembeni. Siku za kwanza uzito ulishuka: 1,020, kisha 990, kisha 970. Wauguzi wakaniambia ni kawaida, njiti wote hushuka kwanza. Mimi nilisikia "anakufa".

Wakanifundisha kangaruu. Unamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia ya sufi kichwani, soksi miguuni, halafu unafungwa naye kwa kitenge. Unakaa hivyo mchana na usiku, unalala ukiwa umeegemea. Maziwa unakamua kwenye kikombe, yanavutwa kwa sindano, yanapitishwa kwenye mpira wa puani, mililita tatu, kila baada ya saa mbili. Mililita tatu! Hata kijiko cha chai hakijai. Maombi yangu yakapungua ukubwa yakafanana na kile kijiko. Nikawa nasema tu, "Bwana, gramu kumi. Kesho gramu kumi."

Usiku wa tisa nilipitiwa na usingizi wa kuchoka. Kuna kitu kikanishtua, si sauti, ni kama mtu amenigusa bega. Nikamwangalia mwanangu: midomo ya bluu, hapumui. Nikapiga kelele. Muuguzi wa zamu alifika mbio, akamsugua mgongo kwa vidole viwili na kumchezea nyayo, mara mtoto akavuta pumzi ndefu akalia. Akaniambia njiti wengine husahau kupumua, hukumbushwa kwa kuguswa hivyo. Kwa huyu tulibahatika kuona mapema.

Yeye aliita bahati, na simlaumu, maana mkono wake ndio uliomrudisha mwanangu na ninamwombea mpaka leo. Lakini mimi najua niliguswa. Asubuhi ile mizani ilisoma 985, imepanda gramu kumi na tano.

Sasa yuko darasa la tatu. Ni mbishi.

Mwalimu wa Kusini

Dada, "maombi yangu yakafanana na kile kijiko". Nimeisoma hiyo mara nne. Mungu akutunzie.

binti_wa_Tanga

Waaleikum salaam. Nami nichangie kwa upande wetu, maana watu wengi wanaiongelea istikhara, ile swala ya kumwomba Mwenyezi Mungu uongozi katika uamuzi, vibaya.

Nilikuwa na miaka 26, imekuja posa kutoka familia nzuri, kaka mwenyewe mtaratibu, ana kazi. Mama kishafurahi. Nikaswali rakaa mbili, nikasoma ile dua, ambayo maana yake unamwomba Mwenyezi Mungu: kama jambo hili lina kheri nami katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wangu, nikadirie na ulifanye jepesi, na kama ni shari, liepushe nami, na uniepushe nalo, na unipe kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo.

Nikalala nikisubiri ndoto. Bibi zetu walituambia ukiona kijani au cheupe, kubali. Ukiona cheusi, acha. Usiku saba sikuota chochote. Nikaenda kwa mwalimu wangu wa madrasa, mama mtu mzima sana, nikamwambia istikhara yangu haijajibiwa. Akaniuliza, "Nani kakuambia usubiri ndoto? Umeomba njia ifanywe nyepesi au iepushwe. Basi tembea, uone."

Nikatembea. Wazazi wakapanga siku ya kupeleka mahari, ikaahirishwa kwa msiba. Ikapangwa tena, wakazozana wao kwa wao kuhusu mahali pa kuishi. Mara ya tatu ndipo likajitokeza jambo ambalo yule kaka alikuwa hajalisema, na lilikuwa zito. Hakukuwa na ugomvi, tuliachana kwa heshima. Mama alilia mwezi mzima.

Kinachonishangaza ni mwisho wa ile dua, "uniridhishe nayo". Mimi nilikuwa nampenda, jamani. Nilitegemea kuumia miaka. Lakini moyo ulitulia kwa namna ambayo siwezi kusema niliitengeneza mwenyewe. Kwangu jibu lilikuwa ule utulivu, kuliko hata kuvunjika kwa posa.

Niliolewa baadaye kabisa, nikiwa na 33. Hiyo ni hadithi nyingine.

fundi_bomba

Mimi langu ni fupi na la aibu, ila naona linafaa likae hapa.

Niliomba Mungu aniongoze kununua kiwanja. Nikaenda kukiona, nikasikia amani kubwa moyoni, nikasema hii ndiyo sauti. Nikalipa milioni nne taslimu, makaratasi ya kuandikiana mezani, shahidi mmoja. Sikwenda serikali ya mtaa, sikwenda ofisi ya ardhi. Nilijiambia nikipekua-pekua nitakuwa sina imani. Baada ya miezi mitano wakaja wenyewe na hati yao.

Nilimkasirikia Mungu mwaka mzima. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza swali moja tu: "Mara ngapi ulisikia moyo unakwambia nenda kaulize?" Nikakumbuka. Mara mbili. Usiku wa kuamkia kulipa nilikosa usingizi kabisa, nikakemea nikidhani ni shetani. Kumbe ile niliyoita amani ilikuwa hamu yangu ya kiwanja, na ile niliyoikemea ndiyo ilikuwa inaniambia ngoja.

Mzee wa Kemondo

Wanangu, nimesoma yote. Naomba kusema la kwangu, ingawa si jepesi.

Jumatatu ya tarehe 20 Mei 1996 nilikuwa kijana wa miaka 22, nina begi limefungwa, nakwenda Mwanza kuanza kazi kwenye duka la mjomba. Meli ilikuwa MV Bukoba. Inaondoka Bukoba, inapita Kemondo kuchukua watu na mikungu ya ndizi, alfajiri mpo Mwanza. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeomba, "Mungu, nifungulie njia."

Jioni bibi yangu akashikwa na homa, akatetemeka mpaka kitanda kinalia. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Nikamwambia nitaita jirani. Akanishika mkono, akasema, "Usiniache leo." Nilibaki, na nilibaki kwa hasira. Sikumwekea hata maji kwa upendo. Honi ya meli niliisikia nikiwa nimekaa mlangoni, nikasema moyoni kwamba bibi huyu ameniharibia maisha.

Kesho yake, tarehe 21, redio ikasema. Meli imezama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Waliokufa walizidi 800. Bibi alikuwa ameshapata nafuu, anakunywa uji.

Kwa miaka minane nilitoa ushuhuda. Kila Mei nilisimama kanisani nikasema, "Niliomba, na Mungu akaniokoa." Watu wakapiga vigelegele. Mwaka 2004, ibada imeisha, nikamkuta mama mmoja amenisubiri pale tunapoegesha baiskeli. Akanisalimu vizuri, akaniambia: "Kaka, mume wangu alikuwa ndani. Yeye pia aliomba. Tuliomba pamoja, tumeshikana mikono, kabla hajapanda." Akaniaga, akaondoka. Hakusema kwa uchungu wala hakunitukana.

Sikulala. Nilitafuta jibu la kumpa kwa miezi. Nikauliza wachungaji wawili, mmoja akanipa maelezo marefu, mwingine akanyamaza akanishika bega, na huyu wa pili alinisaidia zaidi. Sikupata jibu, na leo nina miaka zaidi ya 50 bado sijapata.

Nilichobadilisha ni ushuhuda wangu. Sisemi tena "niliokolewa kwa kuwa niliomba". Nasema nilibakizwa, sijui kwa nini mimi, na namshukuru Mungu kwa hofu. Nikifika Mwanza napita makaburi ya Igoma walikozikwa wengi wao, nasimama, sina maneno mengi. Na yule bibi nilimtunza kwa mikono yangu mpaka alipofariki, miaka sita baadaye. Kama kuna uongozi wa Mungu ninaouelewa katika jambo lile lote, ni ule mkono wa mgonjwa ulionishika. Wengine wote namwachia Yeye.

mjukuu_wa_Igoma

Shikamoo baba. Shangazi yangu amelala Igoma. Nyumbani kwetu shuhuda za "mimi nilikosa meli" huwa tunatoka nje zikianza. Hii yako nimeisoma hadi mwisho, nikamsomea na baba kwa simu. Amesema nikusalimie.

nasubiri_bado

Nami nimepata nguvu ya kuandika baada ya kumsoma mzee.

Tumeoana miaka tisa, hatuna mtoto. Vipimo tumefanya wote wawili. Nimewekewa mikono, nimefunga, nimepakwa mafuta. Kila mtu ananisimulia Hana wa Samweli, na Hana nampenda, lakini watu humsimulia kuanzia pale alipopata mtoto. Mimi niko bado pale anaposali midomo inachezacheza, sauti haisikiki, na kuhani anadhani amelewa.

Paulo alimsihi Bwana mara tatu mwiba umtoke. Akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Mwiba ukabaki. Sijui kama hilo ndilo jibu langu. Kuna siku inatosha kweli, nashinda vizuri, nacheka na mume wangu jikoni. Kuna siku haitoshi. Naandika ili mwenye hali kama yangu ajue yuko mwenzake, hana haja ya kusubiri mpaka apate ushuhuda ndipo aongee.

mama_kichanga

Dada yangu, asante. Sitakuambia "utapata". Nitakutaja saa kumi na mbili asubuhi, ile saa ya mizani, maana bado huwa naamka.

kijana_Mbeya

Samahanini, mimi sina uzoefu wa kusimulia. Nimesoma kimya tangu jana. Kesho saa mbili asubuhi mama yangu anaingia chumba cha upasuaji. Baba hayupo, niko peke yangu hapa nje ya wodi, na sijui kuomba maneno mazuri. Mniombee.

Mzee wa Kemondo

Mwanangu, maneno mazuri hayahitajiki. Umekula?

kijana_Mbeya

Bado, mzee.

Mzee wa Kemondo

Nenda kale kwanza, kesho utahitaji miguu. Halafu rudi ukamshike mkono.

Mwalimu wa Kusini

Sisi tutaamka saa kumi. Jina usiliweke hapa, tutamtaja "mama wa Mbeya", Mungu anamjua. Ukitoka naye tuandikie, saa yoyote.