Naombeni ushauri: shairi la binti yangu kuhusu mikoko limevunja mizani, nimsaidieje?

MWAMBAO2
Wakuu, habari za majukumu. Mimi si mwalimu wala mwandishi, ni mzazi tu, nipo kijiji kimoja cha pwani, mkoa wa Lindi. Binti yangu ana miaka 11, yuko darasa la tano. Mwalimu wao aliwaambia kila mmoja atunge shairi la mazingira, yatakayopendeza yasomwe mbele ya wazazi tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. La binti yangu limechaguliwa.

Shida ni mizani. Mimi niliishia la saba lakini ushairi tulifundishwa tukafundishika: mishororo minne, mizani (silabi) 8 kwa 8, kina cha kati na kina cha mwisho. Wa kwangu kaanza vizuri kabisa:

*Mkoko mguu wako, umesimama topeni,*
*Mwanao yu juu yako, hajaanguka majini,*

Baada ya hapo linavunjika. Naogopa watu watamcheka. Je, mzazi anaweza kumrekebishia mtoto shairi, au ni kosa? Na nyie wenzangu mnawafundishaje watoto kuipenda miti na bahari kwa ushairi? Zimebaki siku 9 na usiku sipati usingizi. Nawasilisha.

Ngojangoja
Naweka kambi hapa, ngoja waje wataalamu.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, hongera kwa binti. Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka 31, Tanga na Korogwe. Kosa nililolifanya miaka mingi ya mwanzo ni kuanza na mizani. Ukimwambia mtoto "tunga shairi la mazingira, mizani 16", anakuletea "miti ni uhai wetu, tuitunze daima". Hayo maneno ameyakuta ukutani. Mti wenyewe hajautazama.

Nikageuza. Nikawa nawapeleka matopeni maji yakiwa yamekupwa, siku za bamvua maana ndipo yanakwenda mbali, na sharti langu lilikuwa moja: kila mtoto arudi na kitendawili chake mwenyewe, kisichojulikana na mtu. Mmoja akatega, "Mama yangu hujikamua chumvi." Darasa zima likashindwa, wakampa mji, akaenda akarudi, akasema: mchu. Yule mtoto alikuwa amelilamba jani. Mchu ni aina ya mikoko, hufyonza maji ya bahari na kuitoa chumvi kwenye majani, ukilamba unaionja. Mwingine akatega, "Mtoto wangu huota kabla hajazaliwa." Huyo ni mkoko, mbegu yake huchipua ikiwa bado inaning'inia kwa mama, ndefu kama mkuki, ikianguka wakati wa kupwa huchoma tope na kusimama.

Mtoto akishatega vitendawili vitano vya namna hiyo, shairi limekwisha kuja. Mizani unamfundisha kwa kupiga makofi, jioni moja inatosha. Na nikuambie, huo mshororo wa pili wa binti yako ni kitendawili tayari. Huyo ameona kwa macho yake. Usimguse.

Dada wa Kwale
Nasalimu kutoka Kenya. Kaka, mlete mwanao Gazi siku moja. Pale kuna daraja la mbao kina mama wamelijenga katikati ya mikoko, unatembea juu ya tope hukanyagi. Na Gazi na Makongeni ndio wenye mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao, pesa zinarudi kwa maji na shule. Watoto wangu nilipowapeleka mara ya kwanza mdogo aliogopa kaa wale wa gando moja kubwa, akasema wanamwita. Kweli ukiwatazama wanapunga, kama mtu anayeita daladala. Sasa kila tukipita baharini anawapungia na yeye. Hilo kwangu ni shairi tosha, hata kama hajaandika.

Jicho Kali
Mleta uzi, umeweka mistari miwili. Beti ina minne. Unaomba ushauri wa mistari iliyovunjika halafu unaificha hiyo hiyo?

MWAMBAO2
Haina umuhimu mkuu, ni mambo ya kitoto tu. Mwalimu nakushukuru sana. Ila hujanijibu: mzazi kurekebisha ni kosa?

Mgosi wa Muheza
Mimi niseme ukweli, shairi lilinifanya nichukie shule. Mwalimu wetu alikuwa na fimbo ya mpera, kina kimoja kikipotea, fimbo moja. Nilikuwa natunga kuhusu chochote chenye kina chepesi. Nimeishi miguuni mwa Usambara utoto wangu wote, ukungu unashuka asubuhi mpaka huoni mbuzi aliye mbele yako, vipepeo wa Amani watu wanavuka bahari kuja kuwatazama, na mimi nilitunga beti nne za simu kwa sababu "simu" inalingana na "hamu". Leo nina watoto watatu na sijui niwaambie nini kuhusu ule ukungu. Kwa hiyo mleta mada, akichekwa achekwe, usimpeleke kwenye fimbo.

Dada wa Kwale
Pole sana kaka. Waandikie huo ukungu tu kama ulivyotuandikia hapa.

Mizani Kumi na Sita
Mleta uzi, weka mishororo yote. Hatuwezi kutibu mguu uliofungwa kanga. Vinginevyo tunakupigia ramli.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, hata mimi nimeanza kujiuliza. Mizani kupungua hakumnyimi mtu mzima usingizi.

MWAMBAO2
Sawa. Nilitaka kukwepa lakini nimewaheshimu.

*Mkoko mguu wako, umesimama topeni,*
*Mwanao yu juu yako, hajaanguka majini,*
*Baba kaja na shoka, sijui anataka nini,*
*Jioni nanusa moshi, mkoko sikuoni.*

Baba ndiye mimi. Nina tanuri la chokaa. Kijiji kizima wanalijua. Tarehe 5 atakuwepo mwenyekiti, watakuwepo watu wa misitu wamealikwa, na mwanangu atasimama na kusema hivyo kwenye kipaza sauti.

Kabla hamjanihukumu. Shule ya msingi haina ada, najua, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula havishuki kutoka mbinguni. Bahari haitoi kama zamani. Sijaua mtu. Na nimeshamwandikia mishororo miwili mingine, ana siku ya pili anaikariri:

*Wageni watoka huko, waja na shoka begani,*
*Tuseme sasa ni mwiko, tulinde miti nchini.*

Imekamilika, hesabuni wenyewe. Ninachouliza ni kama kufanya hivyo kuna ubaya, maana shairi limekuwa bora kuliko lilivyokuwa.

Ngojangoja
Duh.

Mizani Kumi na Sita
Nimehesabu. Yako ni 8 kwa 8 mpaka mwisho, vina -ko na -ni havijateleza. Ya mtoto, mshororo wa tatu ni 7 kisha 9, na kina cha kati kimetoka kwenye -ko kwenda -ka. Wa nne ni 8 kisha 7, na kina cha kati ni -shi. Kwa sheria zetu yako ndiyo sahihi.

Nimeyasoma yote mawili kwa sauti hapa sebuleni. La kwako mke wangu hakuinua kichwa. La mtoto akauliza, "Huyo baba alikuwa anataka nini?"

Mcha Mungu
Ndugu, Mwenyezi Mungu ametufanya walinzi wa alivyoviumba. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi tangu enzi za Mwingereza, huwezi kukata bila kibali. Na samaki unaolalamika hawapatikani, wadogo zao hukulia kwenye mizizi hiyo hiyo unayoiunguza. Acha shoka, mengine Mungu atafungua.

MWAMBAO2
Amina. Lakini mlango huo ukifunguliwa nitapigiwa simu? Maana jiko la nyumbani linataka kuwashwa leo.

Jicho Kali
Wakuu, hii ni chai. Mtoto wa darasa la tano aandike "yu juu yako"? Nani anasema "yu" siku hizi? Na inawezekanaje akosee pale pale tu anapotajwa baba, kosa linalopendeza namna ile? Huyu ni mtunzi anatutumia sisi kujaribia kazi yake. Tunamlilia mtoto ambaye hayupo.

Mgosi wa Muheza
Hata mimi nilihisi. Imepangika mno.

Ngojangoja
Mleta uzi jibu.

Kaka Muscat
Mimi siamini wala sikatai, lakini mmenikumbusha. Nyumba ya babu yangu huku Oman dari yake ni boriti za mikoko. Majahazi yalikuwa yakipakia Lamu na Rufiji, yakirudi na upepo wa kusi. Vyumba vyote vya nyumba ile ni vyembamba, utotoni nilidhani wazee walipenda kubanana. Baadaye nikaambiwa chumba kilipimwa kwa urefu wa boriti, mti ulipoishia ndipo ukuta ulipojengwa. Nimelala miaka yote chini ya miti ambayo sijawahi kuiona ikiwa hai. Binti huyo kama yupo, mwambieni mimi ningependa kujua huo mguu wa mkoko unafananaje.

Jicho Kali
Kama kweli una tanuri, tueleze linavyopangwa.

MWAMBAO2
Magogo tunayapanga duara, marefu nje, mafupi ndani, katikati tunaacha tundu la kuwashia. Mkoko na mkandaa ndiyo tunaopenda, ni mgumu, moto wake mkali na haufi upesi. Juu tunapandisha mawe ya matumbawe kama kichuguu. Tunawasha jioni upepo ukitulia. Linaunguruma usiku kucha, nyumba za karibu hawalali. Jiwe likiiva linakuwa jeupe na jepesi ukilinyanyua, utadhani mkate mkavu. Likishapoa tunamwagia maji, linachemka lenyewe, linapasuka, linakuwa unga. Huo unga ukikuingia machoni utaniamini.

"Yu" anaitoa kwa bibi yake, mama yangu. Anaishi naye chumba kimoja. Mama hasemi "yuko wapi", anasema "yu wapi". Hapa kijijini wazee wote wanasema hivyo.

Kuhusu kosa kuja pale pale kwenye baba, hilo mkuu silijui. Nimelifikiria usiku mzima tangu ulipoandika.

Jicho Kali
Nimekuelewa. Niwie radhi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa huko Mtwara, hilo la mkate mkavu nimelisikia kwa mdomo wake.

Mwalimu Mstaafu
Sasa swali lako nalijibu. Kumrekebishia mizani siyo kosa, nimewarekebishia mamia. Wewe hukurekebisha mizani. Umemwambia alichokiona hakukiona. Wageni gani hao waliotoka huko? Mtoto amekwenda pale, amemwona mtu, amenusa moshi. Ukishamfundisha kwamba macho yake yanaweza kubadilishwa kwa ajili ya mkutano, usitegemee tena akutazamie mti.

Nikuombe kitu kimoja tu, hata kama hutabadilisha chochote. Nenda naye maji yakikupwa, bila shoka. Mwache akuulize majina.

Mcha Mungu
Na kibali je, mwalimu? Mbona hilo mnalipita?

Mwalimu Mstaafu
Hujakosea, ndugu yangu. Hilo atalijibu kwa watu wa misitu. Mimi nimeulizwa shairi.

MWAMBAO2
Wakuu, nimerudi. Siku nne sikuingia.

Jumamosi tulikwenda, mimi na yeye na mama. Nilidhani sina la kumwambia. Kumbe majina yote ninayo, miaka 20 nakata, ningeyakosaje. Nikamwonyesha mlilana, ule unaosimama mbele kabisa kwenye maji. Nikamwonyesha msinzi, mkandaa, mchu, na mkomafi wenye matunda kama mpira wa miguu wa watoto. Alikuwa anaandika kwenye daftari mkono ukitetemeka kwa haraka. Akalamba jani la mchu, akanipa na mimi. Sikuwahi kulilamba maisha yangu yote. Lina chumvi kweli.

Mama akatafuta jiwe akakaa, akatuambia utoto wake mikoko ilifika mpaka pale ulipo msikiti. Binti akaniuliza, "Baba, mpaka pale?" Sikuwa na la kujibu, nikamwambia tuangalie maji yanarudi.

Usiku nikamwuliza kama anataka mishororo yangu au yake. Akasema ya kwangu inaimbika vizuri lakini hao wageni hawajui. Nimemwachia ya kwake. Kaongeza ubeti wa pili wenye majina yote sita, mkoko ukiwemo, mizani imepinda kila mahali.

Dada wa Kwale
Kaka, nimelia mimi.

Mizani Kumi na Sita
Mwambie mshororo wa nne akiweka "ewe mkoko sioni" zinatimia 8. Ni wazo tu.

MWAMBAO2
Nilimwambia. Anasema siyo kwamba haoni, ni mkoko ndio haupo.

Mcha Mungu
Na tanuri?

MWAMBAO2
Lipo, limepangwa tangu wiki iliyopita. Sijaliwasha. Kesho kutwa ndiyo tarehe 5, nitakaa safu ya mbele.