Sprinti, olimpiki na hafu msimu mmoja: inawezekana au najimaliza?

Pweza_Msasani
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada kwa mliowahi kucheza triathloni, ile ya kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo. Nimelipia hafu ya Rubavu kule Rwanda (kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1), zimebaki wiki 16. Sasa hapo katikati wiki ya 5 kuna sprinti ya hapa nyumbani, mita 750 halafu kilomita 20 halafu 5, na wiki ya 10 washkaji wananivuta twende olimpiki (jina tu la umbali, siyo Michezo ya Olimpiki), ile ya 1.5, 40 na 10. Zote nazitaka kweli kabisa, ila mazoezi sijui niyapange vipi maana nikipiga ya spidi naona hafu inaniponyoka, nikienda mwendo mrefu wa taratibu naona kwenye sprinti nitaachwa mbali. Kazini natoka saa 11 jioni, nikijibana sana napata masaa 8 kwa wiki. Nimeona yule Mnorwe Kristian Blummenfelt alichukua dhahabu ya triathloni kwenye Michezo ya Olimpiki Tokyo Julai 2021 na Novemba mwaka huo huo akashinda Ironman (ile ndefu, mara mbili ya hafu) ya Cozumel, Mexico, kwa saa 7:21:12, nikasema kumbe mtu anaweza. Au najidanganya?

Kocha_wa_Alfajiri
Mkuu inawezekana, ila lazima moja iwe bibi harusi na hizo nyingine ziwe wasindikizaji. Bibi harusi wako ni hafu. Hilo jina sprinti linapotosha watu, wengi wetu inatuchukua saa 1 na zaidi, na muda wote huo mwili unategemea pumzi, siyo kama mita 100, kwa hiyo msingi wa mbio zote tatu ni ule ule na masaa yako mengi yawe ya mwendo ambao unaweza kuongea na mtu bila kuhema. Kinachobadilika ni ile siku moja au mbili ngumu za wiki. Mpaka wiki ya 5 siku ngumu ziwe fupi na kali, mfano mara 5 za dakika 3 kwenye baiskeli, halafu kuanzia hapo unazirefusha kidogo kidogo mpaka ufike mara 3 za dakika 20 kwa ule mwendo utakaoendesha Rubavu. Yaani kadiri siku inavyokaribia ndivyo mazoezi yafanane na mbio yenyewe.

Sprinti usiipumzikie wiki nzima, punguza siku 2 tu, ipige kwa nguvu zako zote, kesho yake endesha taratibu. Olimpiki ipe siku 4 au 5 za kupunguza na uifanye mazoezi ya hafu, viatu vile vile, chupa zile zile, chakula kile kile. Baada yake pumzika kama siku 5 halafu wiki ya 11 mpaka 14 ndiyo mzigo wenyewe, baiskeli ndefu ifike kilomita 80 hivi na ukishuka tu vaa viatu ukimbie dakika 20. Wiki 2 za mwisho kata masaa karibu nusu lakini vipande vya kasi viache, ukivitoa miguu inalala.

MamaPedali
Yote hayo sawa lakini hafu inakushinda tumboni kabla ya miguuni, mdogo wangu. Sprinti unaweza kumaliza kwa chupa moja ya maji, olimpiki ukavumilia, hafu hapana. Mimi ya kwanza nilikuwa nimetoka kufanya vizuri olimpiki nikadhani ni ile ile ila ndefu, baiskeli nikala ndizi moja basi. Kwenye kukimbia kilomita ya 9 nilisimama nimeshika nguzo, jezi imeganda chumvi nyeupe mgongoni, vidole vinatetemeka, mtu ananipa kikombe cha soda na siwezi kukishika vizuri. Sitasahau. Sasa hivi nalenga gramu 60 za wanga kila saa, ndizi ya wastani ina kama 25, na chupa ya nusu lita natia vijiko vikubwa 3 vya sukari, ndimu na chumvi kidogo, hiyo ni kama 35 nyingine. Zile jeli za sukari za wanamichezo ni ghali, viazi vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi na tende vinafanya kazi. Ila anza leo, kila Jumamosi, tumbo nalo linafundishwa.

Kivu_Tena
Rubavu nimeshaenda, naongezea mawili. Ziwa Kivu maji yake hayana chumvi, wewe wa baharini umezoea kubebwa, kule miguu inazama usipokaza tumbo, kwa hiyo ogelea bwawani angalau mara moja kwa wiki, na hii miezi ya kusi bahari ikichafuka ndiyo itakusaidia pia. La pili ziwa liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na Rwanda ni vilima, barabara ya Bagamoyo haikuandai. Nenda Pugu ukapande na kushuka.

Kuhusu Blummenfelt, yule hiyo ndiyo kazi yake kutwa nzima, analala mchana, wewe saa 2 asubuhi uko ofisini. Na hata yeye alipoenda mbio ndefu kisha akarudi fupi kwa ajili ya Paris 2024 alimaliza wa 12.

Kocha_wa_Alfajiri
@Kivu_Tena hapo sawa, ila kutoka fupi kwenda ndefu alifanikiwa vizuri sana, na mpangilio wa huyu ndugu unaenda njia hiyo hiyo. Ingekuwa hafu kwanza sprinti baadaye ningemkataza.

Pweza_Msasani
Aisee asanteni sana, dada MamaPedali hiyo ya nguzo imeniingia. Jumamosi hii natoka saa 10 na nusu alfajiri na viazi mfukoni, naanza na gramu 40 kwa saa nione tumbo linasemaje. Swali moja, hiyo siku ya bwawani nitoe siku gani? Jumanne nakimbia vipande, Alhamisi baiskeli ngumu, nafikiria Jumatano asubuhi kabla ya kazi ila naogopa mwili hautapata nafasi ya kupoa.

MamaPedali
Jumatano hiyo hiyo, ogelea taratibu dakika 40, kuogelea hakuumizi miguu. Jumatatu ndiyo usiiguse kabisa, lala.